Kasri la Mababu kwa Wiki Mbili: Mwongozo wa Picha za Kale kwa Matajiri wa Arua na Koboko

Hongera. Tenda ya barabara imelipwa, duka la Kampala limezaa maduka mengine, na jumba limeezekwa vigae vyekundu kando ya barabara itokayo Arua kwenda Koboko. Lina ghorofa mbili, nguzo nne mbele ambazo hazibebi chochote, na geti lenye simba wawili wa saruji wanaofanana na mbuzi walionyimwa majani. Wapita njia wanasimama kulitazama. Kasoro ni moja tu: jumba halina ukale. Kijiji kizima kinakumbuka lilipokuwa shamba la muhogo, na wapo wanaokumbuka muhogo wenyewe ulikuwa wa nani.

Usihofu. Ukale haungojwi miaka mia, unapigwa picha. Familia tajiri za New York zililijua hilo zamani. Theluji ilipoanza kuanguka kwao, zilifungasha na kushuka kusini, Georgia hadi Florida, zikakaa huko mpaka baridi iishe. Kwenye kisiwa cha Jekyll, pwani ya Georgia, walikuwa na klabu yao tangu 1888, na akina Rockefeller, Morgan na Vanderbilt walikuwa wanachama. Picha za maisha hayo, ziwe za kisiwani au za mashamba ya bara, zinafanana: bibi mwenye kofia pana amekaa ngazini, watoto wako juu ya farasi, mbwa wamelala miguuni, na pembeni kabisa, nusu kivulini, mtu mweusi ameshika hatamu. Bibi ana jina, watoto wana majina, mbwa wana majina. Mwenye hatamu ni mwenye hatamu.

Albamu ya namna hiyo ndiyo unayoitaka, na West Nile, nchi yetu hii ya Arua na Koboko, inaweza kukupa. Imewahi kuwapa wengine. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: Tafuta baridi ya kuikimbia

Shamba la majira ya baridi linadai baridi, na huku kwetu mtu akitetemeka hupelekwa kupimwa malaria. Lisikusumbue. Jambo kubwa ni uwezo wa kuondoka mahali wengine wanapobaki. Ondoka Kampala kabla ya Krismasi, safiri hizo kilomita karibu 500, na ukifika sema umechoshwa na hali ya hewa ya mjini. Kama wewe ni Mwislamu, kama walivyo wengi Koboko, na safari yako ni ya Idd, angalia kalenda kwanza: Idd hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na iko miaka itakayokufikisha nyumbani katikati ya mvua, gari limezama tope hadi mlangoni. Miaka hiyo piga picha za verandani tu.

Januari ndiyo yenyewe. Nyasi zimekauka, nyingine zimechomwa, na jua la jioni likipita kwenye vumbi linaipa picha rangi ya chai kabla hujagusa programu ya kuzeesha picha kwenye simu. Akitokea wa kukuambia unajifanya Mzungu, mtajie mtangulizi: Theodore Roosevelt. Aliachia urais wa Marekani Machi 1909, akapanda meli kuja Afrika mwezi huohuo, na Januari 1910, New York ikiwa kwenye barafu, yeye na mwanawe Kermit walikuwa ukingo wa magharibi wa Naili, mashariki ya Arua, wakiwinda vifaru weupe. Kambi yao iliacha jina ambalo halijafutika: Rhino Camp. Jua lilikuwa kali, moto wa nyasi uliwasogelea mahemani, na wenzake kadhaa walilazwa na homa. Hayo hayaonekani pichani, na hilo ni somo la kwanza: homa haina rangi ya chai.

Hatua ya pili: Pata ardhi kwa asiyekuwa nayo

Kununua ardhi kwa mwenyewe ni ghali, tena kunachosha, maana mwenyewe anajua thamani yake. Mbinu ya kitajiri ni kuipata kwa mtu wa tatu. Bingwa wa mbinu hii ni Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mei 1894 Uingereza ilimkodisha eneo la Lado, yaani nchi ya magharibi ya Naili zilimo Arua na Koboko za leo. Uingereza ilikuwa haijalitawala. Walugbara, Wakakwa, Wamadi na majirani zao hawakuwa wamemwona mkodishaji wala mkodi. Mkataba lakini ulikuwa safi, na muda wake ulikuwa wa kupendeza: maadamu mfalme yu hai.

Mfalme alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Maana yake Roosevelt alipoweka hema, mwenye nyumba alikuwa amezikwa juzijuzi, na hakuna aliyeuliza kodi. Juni 1910 eneo likarudi kwa serikali ya Sudan. Wakati mikono ikibadilishana, wawindaji wa pembe za ndovu wa kila taifa waliingia na kujisevia. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, na bwana shauri A. E. Weatherhead akafungua kituo cha serikali Arua. Mlugbara aliyekuwa akipalilia ulezi wake tangu 1909 bila kutoka nje ya boma alikuwa amepitia wenye nyumba watatu katika miaka mitano.

Nawe fanya vivyo hivyo kwa kiwango chako. Ardhi ya huku ni ya ukoo, na ukoo una wazee wagumu. Kwa hiyo usiende kwa wazee. Mtafute mpwa wao anayekaa mjini, mwenye madeni na kalamu. Mwandikiane karatasi, ipigwe muhuri, ilaminishwe. Wazee wakija juu, waonyeshe lamineti. Wakizidi, wapelekee sukari na sabuni, na uiite sadaka.

Hatua ya tatu: Jenga, kisha usikae

Jumba linalokaliwa huharibika: watoto huandika ukutani, moshi hupanda darini, kuku huingia sebuleni. La picha hufungwa wiki hamsini kwa mwaka. Leopold hapa pia ni mwalimu. Aliitawala Congo kama mali yake binafsi tangu 1885 hadi 1908 na hakukanyaga hata siku moja. Mpira na pembe za ndovu zilipomtajirisha, alinunua ardhi Cap Ferrat, pwani ya kusini ya Ufaransa, ambako jumba la Les Cèdres lilikuwa lake tangu 1904. Ukitaka kujua shamba la majira ya baridi lililotokana na nchi hizi liko wapi, liko huko, linatazama bahari ya Mediterania. Sisi tulikuwa upande wa gharama.

Wewe utakuja na kuondoka, na mtu mmoja atakaa chumba cha uani, afagie majani, awashe jenereta mara moja kwa juma ili betri isife, na akupigie simu bomba likipasuka. Tutamrudia. Kwa sasa jambo moja la kiufundi: West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu, kwa hiyo nguzo mpya za umeme ziko kila mahali na zitakuharibia ukale. Simama kwa namna ambayo nguzo itafichwa na mwembe. Dishi la setilaiti litundikie kanga.

Hatua ya nne: Leta mizigo ambayo mwingine ataibeba

Tajiri wa zamani hujulikana kwa vitu visivyohitajika vilivyobebwa mbali. Roosevelt alipoanza safari yake kule Kenya alikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na katika mizigo yao mlikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama. Mbele ya hema lake ilipepea bendera kubwa ya Marekani. Katika mizigo mlikuwa pia na maktaba: Biblia, Shakespeare, Homer na wengine, vitabu kama sitini vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho, vumbi na damu. Sanduku la vitabu hivyo lilikuwa na uzito wa kilo kama 27. Huo ni mzigo wa mtu mmoja, na mtu huyo alitembea nao ili bwana akipumzika chini ya mti asome.

Huna haja ya kusoma. Nunua vitabu vyenye jalada la rangi moja, uvipange verandani kwenye meza ya rotini. Ongeza gramafoni isiyofanya kazi, kofia ya kizungu, na sanduku la chuma lililoandikwa herufi za jina lako. Viti vya plastiki viondoe vyote, hata kile cha bluu ambacho mama anakipenda. Hema usiweke. Hema lilikuwa la kitajiri mwaka 1910. Leo ukitaja Rhino Camp watu hukumbuka makazi ya wakimbizi, ambako maelfu kwa maelfu waliotoka Sudan Kusini walianzia maisha chini ya turubai. Turubai ni lilelile, jua ni lilelile, ila hawa hawakuja na chumvi.

Hatua ya tano: Mnyama awepo

Picha ya kasri bila mnyama ni picha ya hoteli. Farasi ni shida kuwapata, na mbwa wa kijijini hawakai mkao. Vifaru umechelewa. Roosevelt aliua vifaru weupe watano na Kermit wanne, na baadhi yao walipelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kermit ndiye aliyekuwa na kamera, na aliwapiga picha vifaru wakiwa hai, wakiwa wamelala, wakiwa wanatazama. Ni picha nzuri sana. Vifaru waliosalia walilindwa kwa muda kwenye hifadhi ya Ajai, karibu na Naili hiyohiyo, kisha vita na majangili wakawamaliza. Dume la mwisho la jamii hiyo ya kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya Machi 2018, na wamebaki majike wawili. Kwa hesabu za leo, kifaru mweupe wa kwetu anapatikana kwa urahisi zaidi kwenye albamu kuliko porini. Albamu zina nguvu.

Chukua mbuzi. Awe mkubwa, mweupe, aoshwe kwa sabuni asubuhi. Tafuta mtu wa kumshika kamba, na mpiga picha aambiwe asimkate mtu huyo kabisa, amwache nusu. Picha ya kitajiri ikikosa mshika kamba, mtazamaji atafikiri wewe ndiye mchungaji.

Hatua ya sita: Wapange watu

Hapa ndipo wengi hushindwa, basi tuende polepole.

Kanuni ni rahisi: anayebebwa awe katikati na anayebeba awe pembeni. Ajuaye kuigeuza kanuni hii huingia historia. Mwaka 1975, viongozi wa Afrika walipokutana Kampala, Idi Amin, Mkakwa wa Koboko, aliketi kwenye kiti akabebwa mabegani na wafanyabiashara wa Kizungu mbele ya kamera. Dunia nzima iliiona picha ile, na mpaka leo kuna wazee wanaoieleza huku wakicheka hadi machozi, hata waliopoteza ndugu enzi zake. Alikuwa ameielewa albamu ya wakoloni kuliko wakoloni wenyewe. Alibadilisha waliokaa, kiti akakiacha palepale.

Wewe huna Wazungu wanne. Una watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani wana tabia ya kuongea. Jipatie mazoezi kwa mfano huu, wa Hajji mmoja wa Koboko aliyeleta mpiga picha kutoka Arua mjini. Mama yake alikuwa amekaa ngazini, mahali hasa pa bibi mwenye kofia, akimenya muhogo ndani ya beseni.

"Mama, tafadhali, ingieni ndani kidogo. Tunapiga picha."

"Picha ya nani?"

"Ya familia."

"Basi nimeshafika," akasema, akaendelea kumenya. Ganda la muhogo lilidondoka kwenye zulia jekundu, refu, halijakatika.

"Sawa, kaa, Mama. Ila huyu mzee wa bustani asogee kule kwenye ua."

"Huyu unayemwita mzee wa bustani," mama akasema bila kuinua macho, "ni mtoto wa shangazi yako. Alikubeba mgongoni tulipokimbilia Zaire. Wewe ulikuwa unalia, yeye alikuwa na njaa. Nani asogee?"

Mzee mwenyewe akajaribu kuokoa jahazi. "Hapana, Mama. Hajji yuko sawa. Mimi nitakaa huku, jua lisinichome."

Umeona ugumu? Mwenye shamba wa Georgia hakuwa na tatizo hili, wala Mbelgiji, wala bwana shauri. Walioshika hatamu hawakuwa watoto wa shangazi zao, au kama walikuwa damu yao hawakukiri. Picha ya kasri inataka wageni: watu unaoweza kuwaona kila siku bila kuwajua. Huku kwetu huwezi kumpata mgeni hata kwa kukodi. Mpishi ni shemeji, askari wa geti ni mjukuu wa mzee mliyegawana naye mahari, na fundi bomba anadai nyanya yake na yako walinyonya titi moja. Kazi kubwa ya mwongozo huu ni kukufundisha kumgeuza ndugu kuwa mandhari.

Zipo njia. Mpe sare, sare humfuta mtu haraka kuliko raba. Mlipe mshahara mbele ya watu, ili ionekane kuna mkataba na si undugu. Mwite kwa kazi yake. Watoto wako waliozaliwa Kampala wamwite "anko wa shamba", ambalo ni jina la heshima lisilouliza ukoo. Na ujihadhari na afya yako: John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi na Walugbara kuanzia 1949 hadi 1952, alieleza kwamba mtu aliyewadharau ndugu zake aliweza kuugua kwa sababu mzee wa ukoo amemshtaki kwa wahenga. Kadi ya bima haitaji wahenga. Nimeitazama mbele na nyuma.

Hatua ya saba: Andika maneno chini ya picha

Maneno ya chini ndiyo yanayoifanya picha iwe ya kale. Kanuni: jina kamili na cheo kwa waliokaa, kazi kwa waliosimama, na idadi tu kwa waliochuchumaa. "Hajji na Hajjat na watoto wao, pamoja na watumishi sita."

Jihadhari na kosa la Roosevelt. Yeye kwenye kitabu chake alipitiwa akaandika majina ya wabeba bunduki, akina Juma Yohari na Kassitura, na tabia zao, na utani wao. Aliandika hata kwamba wapagazi walimwita yeye Bwana Mkubwa na mwanawe wakamwita Maridadi. Matokeo yake ni kwamba, miaka mia na zaidi baadaye, mtu anaweza kusoma kitabu cha tajiri na kutoka humo akimkumbuka Juma. Usirudie.

Mfano mzuri wa kufuata uko kwenye mashamba ya miwa ya kusini mwa Uganda: Lugazi ya Nanji Kalidas Mehta, iliyoanza kusaga 1924, na Kakira ya Muljibhai Madhvani, iliyofuata 1930. Serikali ya kikoloni haikuihimiza West Nile kulima cha kuuza. Iliona faida zaidi kuvuna vijana. Walugbara na Waalur waliandikishwa, wakapanda malori na meli ya Pakwach hadi Butiaba, wakaenda kukata miwa kwa ajira ya miezi. Vizazi viwili vilikwenda na kurudi hivyo. Ukitazama picha za mashamba makubwa ya zama hizo utaona mtindo uleule: mbele watu wenye suti, nyuma ukuta wa miwa, na baina yao safu ya wanaume wenye mapanga, imeandikwa "vibarua".

Sasa hili ni la siri. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja wa wenye mapanga ni babu yako. Ukipata picha ya aina hiyo mjini Jinja au kwenye kitabu, na ukamtambua kwa masikio, fanya haraka: mkate kichwa na mabega, mkuze, mpake rangi ya chai, umweke kwenye fremu ya dhahabu juu ya ngazi. Maneno ya chini: "Mwanzilishi wa ukoo, akiwa shambani." Hakuna uwongo hapo. Alikuwa shambani.

Hatua ya nane: Hifadhi albamu mahali ambapo serikali haiendi

Tajiri wa West Nile anajua kwamba bahati ya huku hubadilika kwa redio. Amin alipinduliwa Aprili 1979. Mwaka uliofuata majeshi yalipokuja kulipiza kisasi, Arua na Koboko zilimwagika kuvuka mipaka ya Zaire na Sudan. Nyumba zenye picha ukutani na nyumba zisizo na picha ziliporwa sawasawa. Aliyekimbia alibeba mtoto, sufuria na godoro. Sijasikia aliyebeba albamu na kuacha sufuria.

Picha za Amin mwenyewe zilipona kwa njia nyingine: zilisahauliwa. Mwaka 2015 zilikutwa kwenye kabati la shirika la utangazaji la taifa, UBC, negativu zipatazo 70,000 ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio, nyingi hazijawahi kusafishwa. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalifungua maonyesho ya picha hizo. Mle ndani kuna Amin akisalimiana, Amin akihutubia, Amin kwenye sherehe, wageni wakipiga makofi. Vyumba vya mateso vya Nakasero havimo. Wapiga picha wa serikali walikuwa mabingwa wa kazi yao: walijua mahali pa kusimama, na zaidi walijua mahali pa kutosimama. Ukitaka mpiga picha wa jumba lako, tafuta mwenye kipaji hicho cha pili.

Ushauri wangu: weka nakala Kampala, nakala kwenye simu ya mtoto aliyeko Canada, na nakala moja kwa mama. Ya mama ndiyo itakayodumu, kwa sababu ataitumia kufunikia mtungi.

Hatua ya tisa: Itumie albamu

Siku itafika, na huku kwetu hufika, ambapo yule mpwa mwenye kalamu atasema hakuuza bali alikopesha, na ukoo wa jirani utasema ukuta wako umeruka mpaka kwa hatua kumi. Kikao kitaitwa chini ya mti, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, katikati na wazee wa koo mbili huku na huku. Watapita juu ya lamineti yako kama haipo. Ndipo utakapofungua begi na kutoa albamu, ukurasa baada ya ukurasa: nguzo nne, vitabu, mbuzi mweupe, familia ngazini. Unaona? Tupo hapa tangu zamani.

Wazee wataipitisha mkono kwa mkono. Watamsifu mbuzi. Kisha mmoja wao ataweka kidole pembeni ya picha, kwenye ile nusu ya mtu.

"Huyu ni nani?"

"Mtunza bustani, Mzee."

Kutakuwa na kicheko kidogo, cha adabu. "Huyu ndiye aliyepanda miti ya mpaka na marehemu baba yako, mwaka tuliorudi kutoka Zaire. Waliobaki wanaojua mti upi ulikuwa wa kwanza hawazidi wawili, na mwenzake hasikii. Mwite atoe ushahidi."

Ataitwa. Atakuja na sare yake, fagio mkononi, atasalimia wazee wote kwa majina. Mwenyekiti atamwonyesha picha, naye ataomba asomewe maneno ya chini. Kijana wa sekondari atamsomea kwa sauti: "Mtunza bustani, jina halijulikani." Mzee atafikiri kwa kitambo. Kisha atasema kwa upole, kama alivyosema siku ya picha:

"Mwenyekiti, mtu ambaye jina lake halijulikani anatoaje ushahidi?"

Kwa sababu hiyo, toleo hili la mwongozo lina marekebisho. Hatua ya tisa itangulizwe mbele ya hatua ya kwanza. Kabla hujanunua vitabu vya rangi moja wala kumwosha mbuzi, nenda chumba cha uani, piga hodi, ukae kwenye kitanda chake kwa kuwa kiti hakuna, umwulize jina lake, jina la baba yake, na jina la mama yake ambaye ni shangazi yako. Yaandike kwa wino. Muulize na miti ilipo, mradi umeshafika. Kisha, kama hamu ya picha bado ipo, mpelekee kile kiti cha bluu cha mama, umweke katikati ya ngazi.

Kamba ya mbuzi utashika wewe.